Usimdai Mungu Tarehe



Kijana mwenzangu, kuna swali moja ambalo sisi vijana tunalipenda sana: "Ni lini?" Matokeo yanatoka lini? Kazi nitapata lini? Na likija suala la mwisho wa dunia, hapo ndipo swali linachemka kabisa. Leo nataka tulitazame swali hilo kupitia jambo lililotokea Japani mwaka 2025, kwa sababu lina somo kwetu.

Kusini mwa Japani, katika mkoa wa Kagoshima, kuna mlolongo wa visiwa vidogo vinavyoitwa Tokara. Kuanzia tarehe 21 Juni 2025, ardhi ya huko ilianza kutetemeka, na haikuwa mara moja au mbili. Kufikia mwanzoni mwa Julai matetemeko waliyoyahisi watu yalikuwa yamezidi 1,000. Mwisho wa mwezi yalizidi 2,000. Hebu fikiria: umekaa mezani, nyumba inatikisika. Umelala, kitanda kinatikisika. Unaanza kusinzia tena, linakuja lingine. Kwenye kisiwa cha Akuseki, chenye watu wasiofika hata 100, wakazi walisema hawapati usingizi, na kwamba wanahisi kama ardhi inacheza muda wote.

Tarehe 3 Julai lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.5. Kisiwa kilitikiswa kiasi cha mtu kushindwa kusimama. Wakazi walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Kesho yake watu 13 waliotaka kuondoka walipanda meli kwenda mjini Kagoshima. Wengine walibaki kwenye nyumba zao. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyekufa.

Wataalamu wanaeleza hivi: chini ya bahari hapo, bamba moja la ardhi, linaloitwa la Bahari ya Ufilipino, linazama polepole chini ya bamba lingine. Miamba inabanwa, inapasuka, inajipanga upya. Matetemeko ya mfululizo kama haya yalishatokea hapo Desemba 2021 na Septemba 2023, yakapita 300 kila mara, kisha yakatulia. Mara nyingine yanaisha hivyo hivyo. Hakuna chombo kinachoweza kukuambia mapema siku, mahali na ukubwa wa tetemeko kubwa lijalo.

Sasa sikiliza upande wa pili. Wakati huohuo, watu wengi Asia walikuwa na hofu ya tarehe moja: 5 Julai 2025. Ilitoka wapi? Kwenye kitabu cha katuni cha mchoraji wa Kijapani Ryo Tatsuki, kilichotoka mara ya kwanza 1999 na kutolewa upya 2021. Mchoraji alichora ndoto zake. Jalada la 1999 lilikuwa limetaja maafa ya Machi 2011, na mwezi huo kweli Japani ilipigwa na tetemeko na tsunami. Basi toleo jipya liliposema maafa makubwa ni Julai 2025, watu wakaamini. Mashirika ya ndege ya Hong Kong yalipunguza safari za Japani kwa sababu abiria walipungua. Mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ilibidi aseme hadharani kwamba huo ni uzushi.

Tarehe 5 ikafika. Ikapita.

Mwisho wa mwezi, tetemeko la 8.8 likapiga Kamchatka, Urusi, na watu kuanzia Japani hadi Hawaii wakaambiwa wapande sehemu za juu. Waliokuwa wamenyamaza wakapata sauti: "Si mnaona?" Lakini ndoto ile ilihusu bahari kati ya Japani na Ufilipino, na Kamchatka iko mbali sana kaskazini. Tena, kutabiri tetemeko kwenye ukanda wa Pasifiki ni kama kutabiri mvua ya Aprili Dar es Salaam. Ukisema itanyesha, hujawa nabii.

Kijana mwenzangu, hapa naomba tushike mambo matatu.

Kwanza, tarehe si imani. Katika Mathayo 24 Yesu anataja matetemeko, lakini anawaonya wanafunzi wasitishike, na anasema wazi kwamba siku ile na saa ile anaijua Baba peke yake (Mt 24:36). Kama Mwana hakutupa tarehe, wewe unaitafuta kwenye katuni au kwenye meseji iliyosambazwa mara nyingi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2115 na 2116 inatufundisha kuweka mambo yajayo mikononi mwa Mungu, kuacha udadisi usiofaa na kukataa uaguzi wa kila aina. Ila namba hiyo ya 2115 inaongeza kitu ambacho tunakiruka: kutojiandaa nako ni kukosa kuwajibika. Yaani huwezi kusema "namtegemea Mungu" halafu ukae tu.

Pili, usigeuze msiba wa mtu kuwa hukumu. Nchi kama Japani, yenye Wakristo wachache sana, ikipatwa na janga, hukosi mtu wa kusema eti Mungu anawaadhibu. Soma Luka 13:1-5. Mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Akawageukia waliokuwa wanauliza, akawaita wao watubu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba Mungu anautawala ulimwengu kupitia sababu za asili, akiviacha viumbe vitende kwa namna vilivyoumbwa. Bamba la ardhi linapozama linafuata asili yake. Halijui nani kabatizwa na nani hajabatizwa.

Tatu, kukesha ni kumlinda jirani. Linganisha makundi mawili. Waliokuwa na tarehe walipata nini? Hofu, na baada ya tarehe 5, aibu au ubishi. Watu wa Akuseki hawakuwa na tarehe yoyote. Walikuwa na uwanja wa kukutania, meli, na viongozi wa kijiji waliohakikisha kila mkazi yuko salama. Yesu anaposema viuno vifungwe na taa ziwake (Lk 12:35-40), nauona huo uwanja wa shule. Mtumishi anayekesha hashindi akihesabu siku. Taa yake inawaka, na anajua nani hajafika.

Unakumbuka pia Eliya mlimani (1 Fal 19:11-12)? Tetemeko lilipita, na Bwana hakuwamo. Alikuja katika utulivu. Ukizoea kumtafuta Mungu kwenye vishindo tu, siku akija kwa sauti ya chini, kwa mama mgonjwa au rafiki aliyenyamaza ghafla kwenye grupu, utampita.

Jambo la mwisho. Wale 13 walishuka Kagoshima, na ni Kagoshima hiyohiyo aliposhuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri tarehe 15 Agosti 1549, akiwa wa kwanza kuipeleka Injili Japani. Hakujua kazi yake ingeishia wapi. Alifika, akaanza kujifunza lugha ya watu, akahubiri. Ilimtosha kujua ni nani aliyemtuma.

Wiki hii jaribu hivi. Meseji ya kutisha yenye tarehe ikikufikia, isiishe mkononi mwako kwa kuisambaza. Ifute, kisha mpigie simu mtu mmoja ambaye hujasikia habari zake muda mrefu. Na kama una dhambi inayokusubirisha, usingoje tetemeko. Nenda kaungame Jumamosi hii.

Tusali: Ee Bwana, uliyeiweka misingi ya dunia, wakumbuke wote wanaolala kwa hofu visiwani na pwani za Pasifiki. Utuondolee tamaa ya kujua siku, utupe moyo wa kukesha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.