Je, Tarehe Ikipita, Haki Nayo Hupita?

Katika biashara zilizozuka zama zetu hizi, mna moja ambayo wengi wetu hatuijui ingawa yatugusa: kunadi majina ya tovuti yaliyokwisha muda wake. Mwenye jina amesahau, au ameshindwa, kulipa ada yake, tarehe imepita, jina limepandishwa mnadani, na mtu asiyemjua mwenyewe wala kazi yake amelishika. Kisha mwenyewe huzinduka na kudai, na mnunuzi humjibu kwa maneno mawili tu: tarehe imepita. Suala tunalotaka kulitazama ni hili: je, tarehe ikipita, haki nayo hupita?

Kwanza yatupasa kukifahamu kitu chenyewe. Jina la tovuti ni anwani ambayo kwayo watu humfikia mtu au chama katika intaneti, na aghlabu ndiyo pia anwani ya barua pepe zao. Halimilikiwi milele kama shamba la urithi. Huandikishwa kwa muda na kulipiwa, na kwa hali hiyo lafanana zaidi na duka la kupanga. Majina yanayoishia .com huandikishwa kwa mwaka 1 hadi miaka 10. Tarehe ikipita, wakala wa usajili aweza kumpa mwenyewe muhula usiozidi siku 45. Jina likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Kisha siku 5, ndipo liachiwe kwa yeyote atakayetangulia. Lakini majina mengi yenye thamani hayafiki mwisho huo. Mawakala huyanadi mapema, na wapo wafanyabiashara ambao kazi yao usiku na mchana ni kuyavizia yaliyo karibu kuanguka. Hapa kwetu Kenya, majina yanayoishia .ke husimamiwa na KENIC, iliyokabidhiwa kazi hiyo kufuatia uamuzi wa mwaka 2002.

Natuchukue mfano wa mbali na bahari, ili tusidhaniwe kuwa twamsema jirani. Burnt Forest ni mji mdogo wa Uasin Gishu, kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret, katika nchi ya baridi, mahindi na viazi. Tukadirie, na ni kukadiria tu, kwamba wakulima wa huko wana chama, na chama kina tovuti yenye jina lake. Wanunuzi wa Mombasa huuliza bei ya viazi kwa anwani hiyo. Kijana aliyeitengeneza tovuti aliliandikisha jina kwa nafsi yake, kisha akahamia mji mwengine, na ilani ya kulipa ada ikenda kwake yeye. Tarehe ikapita. Jina likanunuliwa mnadani na mtu ambaye hajapata kuliona shamba la viazi. Sasa barua za wanunuzi zamfikia yeye. Na akitaka, aweza kuweka picha zile zile na bei zile zile, ila nambari ya kupokelea fedha ikawa yake. Je, mtu huyu amenunua nini?

Wapo watakaosema: amenunua kilichouzwa hadharani, na lawama ni ya chama. Hoja hii si dhaifu, na haifai kuipuuza. Aliyeandikisha alijua kuwa muda una mwisho. Ilani alipelekewa. Lau kila jina lililowahi kushikwa lingebaki kwa mshikaji wake milele, majina mema yote yangekuwa makaburi, na wenye kutaka kufanya kazi leo wangekosa pa kusimama. Hata mafakihi wetu wamesema kuwa mtu aliyeizungushia ua ardhi iliyokufa, kisha akaiacha miaka mitatu bila ya kuihuisha, hana haki ya kumzuia mwengine. Wala mnada wenyewe si haramu. Kuuza kwa mwenye kuzidisha bei ni jambo lililofanywa tangu zama za Mtume. Linaloharamishwa ni kupandisha bei kwa hila, mtu asiyetaka kununua akazidisha ili amdanganye mwenziwe.

Haya yote twayakubali. Lakini hoja hiyo yakusanya chini ya neno moja mambo mawili yasiyofanana: kuacha na kupitwa. Aliyeacha ameondoka kwa khiari yake. Aliyepitwa bado yuko, bado ana haja na kitu chake, ila khabari haikumfika, au alizuiliwa. Sisi watu wa mwambao tusingehitaji kufundishwa tofauti hiyo. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai la ardhi ya pwani alipeleke mbele ya mwandishi wa hati kwa muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wengi hawakudai, wakiwamo jamaa wengi wa Kimijikenda, na wakaishi na kuzikana katika ardhi ambayo kwa karatasi haikuwa yao tena. Tarehe ilikuwa ya halali kwa mujibu wa sheria ile. Je, yupo miongoni mwetu asemaye kwamba kwa hiyo ilikuwa ya haki?

Na watu wa Burnt Forest nao wanalo la kutuambia. Fujo za mwaka 1992, kisha zile zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007, ziliwatoa maelfu makwao. Wengine wakalala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, mpaka Serikali ilipoanza mpango wa kuwarudisha nyumbani Mei 2008. Hatuingii katika ugomvi wa ardhi wa huko, ambao una mizizi mirefu na wenye kuujua zaidi yetu. Twachukua somo moja tu: kukimbia si kuuza, na kunyamaza kwa aliyezibwa mdomo si ridhaa. Mtu aliye hemani hahesabu tarehe za ada.

Basi turudi kwa mnunuzi wetu. Katika jina lile mna vitu viwili. Kimoja ni neno tupu, na hilo muda wake ulipokwisha, kulinunua ni halali. Cha pili ni imani ya watu: wale wabishao mlango huo kwa kuwa wamjua aliyekuwa ndani. Imani hiyo haikuandikishwa kwa wakala, haikulipiwa ada, wala haikupandishwa mnadani. Mnadi hawezi kuuza asichokuwa nacho. Lakini ukweli ni kuwa bei za minada hii mara nyingi hupanda kwa sababu ya hicho cha pili: huulizwa jina lina umri gani, na ni wangapi wangali wakipita hapo. Mwenye jina jipya aweza kupokea barua zilizoandikiwa mwengine, na kwa barua hizo kufungua milango ambayo neno lake la siri hakupewa. Hapo pana khiana, hata kama risiti ya mnada ni safi. Barua iliyokufikia nayo si yako ni amana. Na mwenye kuokota mali iliyopotea katika sharia yetu hutakiwa aitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija baadaye, wengi wa wanazuoni wasema haki yake haijafa.

Isidhaniwe kuwa haya ni mawazo ya wachaji tu. ICANN, shirika linalosimamia majina haya ulimwenguni, liliweka mwaka 1999 utaratibu wa kuamua magomvi, na mdai hutakiwa athibitishe mambo matatu: kwamba jina lafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kutatanisha, kwamba aliyelishika hana haki nalo, na kwamba liliandikishwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Wanasheria wa dunia nao wameona hapana budi kuuliza nia. Nayo sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, katika kifungu cha 28, ilifanya kosa kutumia pasi na haki jina la mwengine katika mtandao, kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Lakini utaratibu ule wa ICANN humfaa zaidi mwenye alama ya biashara; chama cha wakulima kisicho nayo hubaki kutegemea dhamiri ya mnunuzi.

Wala mdai si mwenye haki kila mara. Bwana Uzi Nissan wa Marekani aliandikisha jina nissan.com mwaka 1994, nalo ni jina la baba zake. Kampuni kubwa ya magari ikamshitaki mwaka 1999, na baada ya miaka mingi na gharama nyingi akabaki na jina lake. Mnyonge naye aweza kudhulumiwa kwa neno "jina hili ni letu".

Na ipo njia bora kuliko zote. Disemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina passport.com, na watu wengi wakashindwa kufungua barua zao. Mtu mmoja wa Tennessee, Michael Chaney, alipoligundua hilo aliwalipia dola 35, jina likafufuka. Kampuni ilimpelekea shukrani ya dola 500. Aliuona mlango wa jirani u wazi, akaufunga asiingie.

Nasaha zetu basi ni hizi. Wenye vyama, madrasa na maduka: andikisheni jina kwa chama, si kwa fundi, lipeni miaka kadhaa mbele, ilani iwafikie watu wawili au zaidi, na neno la siri lihifadhiwe na katibu. Uzembe nao ni dhulma kwa wanaokuamini. Nanyi wenye kununua: muulizeni aliyetangulia kama angali hai na kazi yake, msisome barua zisizo zenu wala msivae sura yake, na akija na udhuru wa kweli, mrudishieni kwa gharama yenu na ujira wa taabu yenu, si kwa bei ya mateka.

Tarehe huonyesha muda umekwisha. Haionyeshi ni nani aliyeacha na ni nani aliyepitwa. Hilo mnunuzi hana budi kuliuliza mwenyewe, na ataulizwa kwalo. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.