Kawaida kwa Kipimo cha Nani?

Mama mmoja wa usharika wetu alipimwa mapafu hospitalini. Alielekezwa avute pumzi hadi mwisho, kisha aipulize yote kwa nguvu kwenye mrija. Majibu yakatoka: kawaida. Nilipomtembelea aliniambia, “Baba Mchungaji, wamesema niko kawaida. Lakini kile kilima cha kuja kanisani napumzika mara tatu.” Mama huyu amepika kwa kuni tangu akiwa binti, katika jiko lisilo na dirisha.

Neno lile likabaki moyoni mwangu. Kawaida kwa kipimo cha nani?

Mashine ya kupima pumzi haijui yenyewe mapafu mazima ni yapi. Hulinganisha pumzi ya mgonjwa na ya watu wenye afya wa umri, kimo na jinsia kama yake. Hilo ni haki, maana bibi wa miaka 80 hawezi kupimwa kwa pumzi ya kijana wa miaka 25. Lakini kwa miaka mingi iliulizwa pia rangi ya mgonjwa. Akiwa mweusi, kiwango alichotarajiwa kufikia kilishushwa, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 15.

Desturi hiyo ina mizizi michungu. Mwingereza John Hutchinson alitangaza kipimo chake cha pumzi mwaka 1846. Haukupita muda, Samuel Cartwright, daktari wa Marekani aliyetetea utumwa, akakitumia kudai kwamba mapafu ya weusi ni pungufu. Mwaka 2012 wataalamu wa mataifa mengi walitoa viwango vya watu wa miaka 3 hadi 95. Ilikuwa kazi kubwa, ya nia njema. Hata hivyo, Wazungu waliohesabiwa humo walikuwa 57,395, Wamarekani weusi 3,545, na sisi wa Afrika hatukuwa na fungu letu.

Mapafu hukua kwa jinsi mtu anavyoishi: chakula cha utotoni, maradhi, moshi, vumbi la kazini. Basi wengi wakiumia pamoja, jeraha lao laweza kuitwa kawaida yao.

Mwaka 2023 madaktari wa kifua wa Marekani walishauri kuacha kutenganisha viwango kwa rangi. Nafurahi, ila nakiri kwamba kipimo kimoja nacho kina mzigo wake. Mtu aliyehesabiwa mzima jana, leo anaweza kuambiwa ni mgonjwa, akanyimwa kazi au upasuaji. Kubadilisha namba peke yake hakuleti haki. Anahitajika mtu wa kumwuliza mgonjwa anaishije.

Kitabu cha Mithali kinatufundisha kuwa Mungu huchukia mizani ya namna mbili. Naye Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya watu wanaojipima wao kwa wao. Pumzi ya Adamu ilitoka kwa Mungu mwenyewe, wala hatusomi kwamba alimpulizia mmoja nyingi na mwingine kidogo.

Lakini, wapendwa, tusiwanyoshee kidole madaktari tu. Sisi nasi tuna mizani mbili, na jina lake ni “wamezoea.” Mjane analala chini, twasema amezoea. Mtoto wa jirani anaacha shule, twasema kwao ndivyo walivyo. Kwa wanetu tungelia. Kwa wao tumeshusha kiwango, kisha tukaona kila kitu kiko sawa. Dhambi haiwi afya kwa sababu imeenea, wala taabu haiwi mapenzi ya Mungu kwa sababu imedumu.

Mama yule tulimsindikiza kurudi kwa daktari, na safari hii alieleza habari ya kilima na ya jiko. Vijana wa jumuiya yake wakatoboa dirisha jikoni. Mapafu yake hayakuwa mapya. Ila hakuna tena kati yetu anayesema kwamba kuhema kwake ni kawaida.

Bwana atupe macho ya kuona tulichokizoea. Amina.