Wanafunzi Walipoongezeka

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



Mwezi uliopita alinitembelea kijana mmoja niliyemfundisha zamani darasa la tano, sasa ni mfanyakazi mjini. Baada ya shikamoo na chakula alinieleza shida yake. Yeye na wenzake saba wameanzisha kikundi. Kila mmoja hutoa fungu la kumi la mshahara wake, nao hukaa na kupiga hesabu ni wapi fedha hiyo itaokoa watu wengi zaidi. Sasa wanataka kikundi kienee nchi nzima, na hapo ndipo hawapatani. Wengine wanataka mkutano mkubwa, fulana, matangazo ya redio, na tawi katika kila mkoa kabla ya mwaka kwisha. Wengine wanataka wabaki wachache. "Mwalimu, wewe unasemaje?" Siku ile sikumjibu. Namjibu leo mbele yenu, kwa sababu swali lake ni letu pia.

Kwanza tujue asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer, mzaliwa wa Australia, alichapisha makala akiuliza hivi: ukipita kando ya bwawa ukaona mtoto anazama, je, utamwacha kwa kuogopa kuchafua nguo zako? Na kama hutamwacha huyo, mbona wamwacha yule anayekufa mbali nawe? Singer si Mkristo, lakini swali lake lamgusa kila aliyesoma habari za Msamaria. Kisha Novemba 2009, huko Oxford, Uingereza, Toby Ord na William MacAskill walianzisha chama kiitwacho Giving What We Can. Walioweka ahadi siku za mwanzo walikuwa 23, kila mmoja akiahidi kutoa angalau sehemu ya kumi ya mapato yake maisha yake yote. Leo wapata 10,000 katika nchi nyingi. Mwendo huu wa kutoa kwa kupima matokeo tuuite hisani yenye tija.

Matunda yake yamefika kwa jirani zetu. Huko Uganda na Kongo wako watoto wengi waliolala ndani ya vyandarua vilivyonunuliwa kwa michango ya namna hii, na magharibi mwa Kenya watu maskini wamepokea fedha mkononi kwa njia ya simu, wakaamua wenyewe wazitumieje.

Lakini kukua kuliwaletea na aibu. Mmarekani mmoja tajiri, Sam Bankman-Fried, alikuwa miongoni mwa wafadhili wao wakubwa. Novemba 2022 kampuni yake ya FTX, iliyofanya biashara ya sarafu za mtandaoni, ilianguka. Mwaka 2023 mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa udanganyifu, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Miradi iliyotegemea ahadi zake ilikatika njiani, na watu wa kawaida waliotoa mafungu yao kwa uaminifu wakadharauliwa pamoja naye.

Tusiwacheke. Niseme na langu. Zaidi ya miaka 20 iliyopita, katika mtaa mwingine nilikokuwa nafundisha, tulikuwa watu 14 tulioanzisha mfuko wa karo za yatima, na mimi nilikuwa katibu. Mwaka wa kwanza tulilipia watoto sita, na kila mmoja tulimjua hadi nyumbani kwao. Watu wakatusifu, nasi tukaamua kukua. Kwa mwaka mmoja tukazidi 200. Tukashona sare, tukafanya sherehe, akaja na mgeni rasmi. Daftari langu lilijaa majina ya wanachama, bali ukurasa wa watoto sikuufungua kwa miezi minne. Nilipoufungua, binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani. Fedha yake haikuibwa. Ilikuwa imeshonewa sare. Nilipofika kwa bibi yake niliambiwa mtoto ameozwa. Bibi yule hakunigombeza. Alinipa kiti, akasema tu, "Mwalimu, tulikungoja." Neno hilo ningali nalo mpaka leo.

Sasa turudi katika somo letu. Angalieni jinsi Luka anavyoanza. Haanzi na habari mbaya, bali na habari njema, kwamba wanafunzi walikuwa wakiongezeka. Na katika ongezeko lilelile wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatusomi kwamba mtu alikusudia kuwadhulumu. Watu walikuwa wengi, mikono ikawa michache, na aliyesahauliwa ni yule asiye na msemaji. Wahenga walisema, penye wengi pana mengi.

Mitume walifanya nini? Hawakuwapunguza watu. Hawakufunga mlango. Wala hawakusema kwamba manung'uniko ni fitina. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina ya wale saba, tangu Stefano na Filipo hata Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Maana yake, kazi walipewa watu walioijua lugha ya wajane wenyewe. Ndipo katika aya ya saba twasoma kwamba neno la Mungu lilizidi kuenea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana. Ongezeko la aya ya kwanza lilizaa malalamiko. Ongezeko la aya ya saba lilifuata utaratibu.

Basi, kijana wangu, nakupa mambo manne.

La kwanza, andaeni watu kabla ya matawi. Paulo alimwagiza Timotheo ayakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Kumbuka na historia ya kanisa letu: Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864 alipewa na Sultani wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Miaka 15 kwa shemasi mmoja! Lakini mti ule una matawi hata leo.

La pili, hesabu ziwe wazi, wala msitegemee mfuko wa mtu mmoja. Paulo alipobeba mchango wa Makanisa hakwenda peke yake. Alitaka mambo yaonekane kuwa mema mbele za Mungu na mbele za watu (2 Wakorintho 8:20-21). Mfadhili akiwa mkubwa mno, ninyi mwaogopa kumwuliza maswali.

La tatu, msiwe chama cha wasomi. Wenzenu wa Uingereza na Marekani, wengi wao ni vijana waliotoka vyuo vikuu, nao wenyewe wamekiri kuwa huo ni upungufu. Mkulima na muuza samaki nao wanajua kutoa, tena wanamjua mhitaji kwa jina lake. Waiteni tangu mwanzo, msiwaite mwishoni kuwapigia makofi.

La nne, kila mkutano uanze na ukurasa wa watoto. Kabla ya kuuliza wanachama wangapi wameingia, ulizeni nani alingoja na hakupata.

Lakini usidhani nasema uchache ni utakatifu. Nilipoanza kufundisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliokazaniwa tangu mwaka 1977 ulikuwa umejaza madarasa kupita kiasi. Walimu hatukutosha, na wengine walikuwa wamefunzwa kwa haraka. Nililalamika sana. Hata hivyo wengi wa watoto wale wasingalikanyaga shule kama mlango ungalingoja kila kitu kiwe tayari. Vivyo hivyo homa ya malaria haingoji kikundi chenu kikamilike. Wenzako wanaotaka haraka wana sababu, na anayependa kikundi kidogo kwa kuwa chapendeza naye ana la kutubu.

Jibu langu basi ni hili: kueni, tena kueni kwa bidii, lakini kwa kadiri ambayo bado mnamjua mjane wenu. Siku mtakapoona ukurasa wake haujafunguliwa, simameni, mchague saba, kisha mwendelee.

Nasi wa mtaa huu tusimwachie kijana huyu peke yake. Tuna mfuko wa wahitaji, na jina la kila mmoja wao limo daftarini. Jumapili ijayo baada ya ibada naomba wazee wa kanisa tukae tulifungue pamoja, tuone ni nani anayetungoja.

Mungu Baba, aliyeuhesabu umati wote wala hakumsahau mmoja aliyepotea, atupe mikono ya kutosha na macho ya kuona. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu