Nyekundu Inaanzia Wapi?

Mwaka 2008, sisi tuliovuka kutoka Kenya kupitia Busia na Malaba tulikaa kwanza kwenye kambi ya muda wilayani Tororo. Siku moja nilikuwa natafsiri katika hema la kupima watoto. Jirani yangu akaleta kitinda mimba wake. Utepe ukazungushwa mkononi: sentimita 11.2. Muuguzi akasema mtoto hajafika nyekundu, maana wakati huo nyekundu ilikuwa chini ya 11.0. Mama akanigeukia mimi. "Mwalimu, mwambie aangalie mtoto, asiangalie utepe."

Sikutafsiri. Niliona ni kukosa adabu.

Mwaka uliofuata, 2009, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipandisha mpaka hadi 11.5. Mkono uleule sasa ungekuwa nyekundu! Hakuna aliyekuwa amedanganya. Wataalamu walilinganisha vipimo na vifo, wakaona mstari ulikuwa chini mno.

Edward Saidi Tingatinga, kule Dar es Salaam, alichora wanyama kwa rangi ya baiskeli. Chui anajaza ubao mzima. Hatumlaumu kwa yale aliyoyaacha nje, kwa sababu tunaona wazi kuna mtu ameshika brashi akaamua hapa ndipo utazame. Utepe nao umechorwa na watu walioamua, ila hilo tunalisahau. Rangi inaonekana kama imeota yenyewe kwenye mkono wa mtoto.

Sisemi tuutupe, jameni. Foleni ikiwa ndefu na muuguzi ni mmoja, bila nyekundu aliye hoi atasubiri nyuma ya mwenye mama mwenye sauti kubwa. Nyekundu inaita jicho haraka, na haraka inaokoa. Lakini jicho likiitwa huku, kule limeondoka. Kwa hiyo naona aliyeweka mstari, na sisi tunaousoma, tuna deni kwa yule aliyesimama milimita mbili upande wa pili: tumtazame mara ya pili, na mama yake asikilizwe kama kipimo kingine. Deni hilo halimhusu muuguzi peke yake. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni nikayameza.

Mtoto alipona. Leo ni kijana hapa Kiryandongo, amenipita urefu. Mama yake hunisalimu vizuri kila siku, na hajawahi kuniuliza kama nilitafsiri.