Mionzi, Mbung'o na Swali la Haki Mikumi

Teknolojia ya nyuklia hutajwa zaidi kwa mabomu na mitambo ya umeme, lakini kisiwani Unguja ilitumika dhidi ya mbung'o, mdudu anyonyaye damu na kueneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Kati ya 1994 na 1997, madume waliofugwa maabarani Tanga walipigwa mionzi ya gama iliyowafanya tasa bila kuwaua, wakamwagwa kwa ndege juu ya misitu. Na kwa kuwa jike aghalabu hupandwa mara moja tu maishani, aliyekutana na dume tasa hakuzaa, hata mbung'o wakatoweka kisiwani.

Mafanikio hayo hayatoshi kuihalalishia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kazi kama hiyo. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa 1964, haijazungukwa na bahari bali imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako mbung'o wengine wangeingia tena. Lililo zito zaidi ni la kimaadili: mfugaji wa wilaya jirani ya Kilosa ambaye ng'ombe wake amekonda, amesimama manyoya na kutupa mimba, anadai nafuu kwa haki, ilhali mdudu huyohuyo huzuia mifugo isijae porini, na hivyo huwalinda wanyama ambao hawana wa kuwasemea.

Swali hilo halijibiwi na taasisi zinazosimamia mionzi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoundwa 1957, limepewa kazi mbili, kueneza matumizi ya amani na kukagua yasigeuzwe silaha. Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomu husimamia vyanzo vya mionzi chini ya sheria ya 2003. Usimamizi huo huthibitisha kwamba chanzo kimekingwa na mfanyakazi yuko salama, lakini usalama si haki, wala mkaguzi hawezi kuamua nani ana mamlaka ya kukifuta kiumbe.

Uislamu na Ukristo humwona mwanadamu kuwa mwangalizi wa viumbe atakayeulizwa juu ya amana aliyopewa, si mmiliki wao. Kwa msingi huo, anayetaka kuangamiza ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba njia nyepesi, kama kuogesha mifugo na kutundika vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa, zimeshindwa. Na usimamizi wa kimataifa utakamilika pale tu utakapodai ridhaa ya wafugaji, wakulima na wahifadhi wa Kilosa kwa ukali uleule unaodai kinga ya mionzi.