Tumaini Lisilo na Tarehe

Kitabu cha mwisho katika Biblia kina bahati mbaya. Kitaje mbele ya vijana kumi, tisa watakumbuka mnyama mwenye vichwa saba, namba 666 na moto. Wa kumi atakuambia aliwahi kukisoma usiku, akashindwa kulala. Lakini jina lenyewe la kitabu, Ufunuo, halina kitisho chochote. Linatokana na kufunua, kama mama anavyofunua chungu jikoni tukaona kilichomo. Hata kwa Kigiriki, lugha ambayo kitabu hicho kiliandikwa, jina lake lina maana hiyo hiyo ya kuondoa kifuniko. Sasa swali ni hili: kilichomo chunguni ni hofu, au ni tumaini?

Ndugu msomaji, usidhani hili ni suala la wachungaji na mapadri peke yao. Linamhusu kila kijana anayepanga jambo la miaka mingi mbele. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nina madaftari manne ya riwaya ambayo bado haijafika mwisho, na kijiweni nimeshaulizwa zaidi ya mara moja: "We bwana, dunia yenyewe ndiyo hii inakwisha, hiyo riwaya atasoma nani?" Washikaji wanacheka. Lakini wapo wasiocheka, wanaouliza kwa dhati kabisa, na kwao swali si la riwaya tu. Kwa nini nisome? Kwa nini nijenge? Kwa nini nizae? Watu wa namna hiyo hawastahili jibu la mzaha.

Tuanze na wasomaji wa kwanza wa kitabu hicho. Yohana, aliyekiandika, anasema mwenyewe kwamba alikuwa katika kisiwa cha Patmo kwa sababu ya imani yake. Wataalamu wengi wanakadiria ilikuwa karibu na mwaka 95, Kaisari Domitian akitawala Roma. Aliyaandikia makanisa saba, na yote aliyapa anwani: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Miji hiyo ilikuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mingine imebaki magofu. Smirna bado ni jiji kubwa, sasa linaitwa Izmir. Kwa hiyo barua ile ilikwenda kwa watu wa mjini kama sisi, watu wenye meza zao sokoni, wenye kodi ya kulipa, wenye jirani anayewachungulia. Wa Smirna walikuwa maskini na wamebanwa, wakaambiwa wazi kwamba baadhi yao watatiwa gerezani. Wa Laodikia walikuwa wameshiba, wakaridhika na mali zao mpaka wakawa vuguvugu.

Mtu wa Smirna aliposikia habari za mwanamke anayeketi juu ya milima saba, hakuhitaji kamusi. Roma ilijulikana kila mahali kuwa mji wa vilima saba. Hakuambiwa apige hesabu za karne ishirini mbele. Aliambiwa kwamba dola hii inayomtisha, inayotaka kuabudiwa, nayo ina mwisho wake. Kwa mtu aliyebanwa, hiyo haiwezi kuwa habari ya kutisha. Ni kama mpangaji kuambiwa kwamba mwenye nyumba mkatili naye ana mwenye nyumba wake.

Hofu ililetwa na wenye hesabu. Huko Marekani, mkulima mmoja aitwaye William Miller alikisoma kitabu cha Danieli, akazichukua siku 2,300 zilizotajwa humo, akazigeuza kuwa miaka. Hatimaye wafuasi wake wakafikia tarehe kamili: 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna, kwa maana nani atakula? Jua la tarehe 23 likachomoza kama kawaida. Mwaka 2011 mtangazaji wa redio wa California, Harold Camping, alitaja 21 Mei. Ilipopita, akaisogeza mpaka 21 Oktoba mwaka huo huo. Nayo ikapita.

Tukiishia hapo tunaweza kucheka. Tukija huku kwetu, kicheko kinakatika. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, milango na madirisha yakiwa yamezibwa. Viongozi wao walikuwa wametabiri mwisho wa dunia, na utabiri huo ulikuwa umepita bila kutimia. Halafu mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, pwani ya Kenya, miili ya watu zaidi ya 400 ilianza kufukuliwa. Kwa maelezo ya mamlaka za huko, watu hao walikuwa wamehimizwa kufunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Hebu tuseme ukweli: mtoto hafungi hadi kufa kwa hiari yake.

Je, ni tumaini lenyewe lililowaua? Au ni kitu kingine kilichovaa nguo za tumaini?

Uani kwetu, hapa Dar es Salaam, yupo mama mmoja fundi wa kushona. Tumwite Mama Fundi. Miaka michache iliyopita alipita mhubiri mmoja na spika zake, akakaa wiki moja, akatangaza kwamba masika yajayo hayatatukuta duniani. Mama Fundi akauza cherehani. Hakuiuza kwa njaa, aliiuza kwa imani, na fedha yote akaitoa sadaka. Mhubiri akaondoka. Masika yakaja, tena yakaja kwelikweli, maji yakapanda mpaka vizingitini. Mama wa watu akawa anashona vifungo na kukunja pindo za suruali kwa mkono, shilingi mia mbili, mia tatu. Sisi vijana wa uani tulikuwa na hasira kuliko yeye. Siku moja nikamwuliza: "Mama, bado unaamini kwamba Bwana atarudi?" Akakata uzi kwa meno, akanitazama, akasema: "Mwanangu, ile tarehe ilikuwa ya mhubiri. Bwana ni wangu."

Mimi naona kwamba katika maneno yale mama yule alitenganisha mambo mawili ambayo wenye hesabu wote wameyachanganya. Uko uhakika wa *lini*, na uko uhakika wa *nani*. Maono ya Biblia yanatoa ule wa pili, na ule wa kwanza yanaunyima waziwazi. Katika Injili ya Marko, sura ya 13, Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba siku yenyewe haijulikani kwa malaika wala kwake yeye Mwana. Basi mhubiri anayeijua tarehe anajua kuliko yule anayemhubiri! Tumaini likishapewa tarehe linageuka kuwa ratiba, na ratiba ikipita inakuacha kituoni, huna basi wala nauli. Lakini ukimtumainia mtu, unaweza kumngoja hata akichelewa, kwa sababu unamjua.

Wahenga wetu walijua kwamba kungoja kuko kwa namna mbili. Walisema subira yavuta heri. Wakasema pia ngoja ngoja yaumiza matumbo. Watu wengi hudhani methali hizi zinapingana, kumbe zinazungumzia wangojaji wawili tofauti. Mmoja anangoja huku mikono yake inafanya kazi. Mwingine amekunja mikono. Wakristo wa Thesalonike, walioandikiwa na Paulo yapata mwaka 50, walikuwa nao watu wa namna hii ya pili, watu walioacha kazi na kujishughulisha na mambo ya wengine. Hatuambiwi sababu zao zote, lakini barua zile zimejaa habari za kurudi kwa Bwana. Mtume hakuwasifu kwa imani yao kubwa. Aliwaambia warudi kazini wale chakula chao wenyewe.

Sasa lipo pingamizi zito zaidi, na ni haki tulisikilize. Rafiki yangu mmoja, mpenzi mkubwa wa vitabu, huniambia: "Sawa, achana na tarehe. Lakini tumaini lenu hata bila tarehe linawafanya maskini wavumilie. Unaibiwa leo, unaambiwa utafutwa machozi mbinguni." Hayo yalisemwa zamani. Mwaka ule ule wa 1844, wakati wafuasi wa Miller wanaangalia mawingu, Karl Marx alichapisha makala huko Paris akiifananisha dini na kasumba. Na lazima nikiri kwamba mara nyingi imetumika hivyo hivyo. Mtu aliyeshiba akimhubiria mwenye njaa habari za mbinguni, hiyo ni kasumba, hata akiinukuu Biblia neno kwa neno.

Lakini hebu fungua Ufunuo sura ya 18. Babeli unaanguka, na wafanyabiashara wake wanalia. Wanalia kwa sababu hakuna tena wa kununua bidhaa zao. Yohana anazitaja moja moja kama karani wa forodhani: dhahabu, fedha, lulu, kitani, pembe za ndovu, mdalasini, divai, ngano, ng'ombe, farasi. Na mwisho kabisa wa orodha, baada ya mifugo na magari, anataja binadamu. Msomaji wa pwani hii aisome orodha hiyo polepole. Pembe za ndovu na watu: hiyo ndiyo shehena iliyokuwa ikifika Bagamoyo kwa miguu na kuvushwa kwenda Unguja, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Mtu aliyelewa kasumba hahesabu kitu. Yohana amehesabu kila kitu, akafungua gunia la mwisho, akatuonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na mtu. Mwono wa namna hii haumlazi maskini usingizi. Unamwambia kwamba anayoyaona kuwa dhuluma ni dhuluma kweli, kwamba imeandikwa, na kwamba haitadumu.

Kwa hiyo mimi nina kipimo kimoja, na ninakitoa kwako, msomaji, ukijaribu mwenyewe. Tumaini ulilopewa linakufanya umwone vizuri zaidi mtu aliye karibu nawe, au linamfanya afifie? Kule Shakahola mtoto mwenye njaa alififia mpaka akaonekana kama kafara. Katika Ufunuo, mtumwa asiyehesabiwa kuwa mtu anaonekana kuwa mtu. Tumaini la kwanza ni bandia hata likiimba haleluya.

Lakini je, uhakika huu unasimama juu ya nini? Hapa naomba nizungumze kama mtu anayejifunza kuandika. Katika sura ya 5 upo ufundi ambao mwandishi yeyote angeutamani. Yohana analia kwa sababu hakuna anayeweza kukifungua kitabu kilichotiwa mihuri saba. Anaambiwa asilie, Simba ameshinda. Anageuka amwone Simba, na anachokiona ni Mwanakondoo, tena mwenye alama za kuchinjwa. Simba haonekani kabisa. Katika kisa kizima, aliyeshika historia mkononi ni yule aliyeuawa, siyo yule aliyeua. Hapo ndipo uhakika wa Mkristo unaposimama. Haumwahidi kwamba hatapigwa, maana Mwanakondoo mwenyewe alipigwa. Unamwahidi kwamba mpigaji hana neno la mwisho. Uhakika kama huo huwezi kuuthibitisha kwa kikokotoo. Unauthibitisha kwa namna unavyoishi.

Nabii Yeremia aliuthibitisha kwa kununua shamba. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, yeye mwenyewe akiwa kizuizini, na alikuwa ameshatabiri kwamba mji utaanguka. Katika hali hiyo akalipa shekeli 17 za fedha kwa shamba la ndugu yake huko Anathothi, akaweka mashahidi, akatia muhuri, na hati akaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Dalali yeyote angemwita kichaa. Lakini yeye alijua mambo mawili kwa pamoja, kwamba mji unakwisha na kwamba watu watarudi kununua mashamba. Aliyejua kweli kwamba mwisho unakuja alinunua. Yule mhubiri wetu wa spika aliwafanya watu wauze.

Nimalizie na jambo moja ambalo vijana wa mjini tusilipite. Watu wengi hufikiri mwisho wa Ufunuo ni watu kupaa na kuiacha dunia. Soma sura mbili za mwisho. Kinachosafiri ni mji, nao unashuka. Mungu anakuja kukaa na watu, na milango ya mji ule haifungwi. Katikati ya njia yake unapita mto wa maji ya uzima, na mwenye kiu anakaribishwa kunywa bila malipo. Kwa msomaji mwenye bomba ndani ya nyumba huenda hiyo ni picha nzuri tu. Sisi tunaoamka saa kumi usiku kupanga madumu kisimani, na kununua maji dumu kwa dumu, tunajua Yohana alikuwa anazungumza na nani. Na aliyeona mji ambao maji yake hayauzwi atawezaje kuuzoea huu ambao yanauzwa? Atangoje, ndiyo, lakini angoje akichimba kisima, akishona, akifundisha, akiandika. Bwana akija leo jioni, atukute sentensi iko katikati.