Waliotunyonyesha Hawamo Kwenye Shajara

Posa ya kijana wa ami yangu ilikuwa imeshakubaliwa. Mahari yametajwa, na wazee wa pande mbili wameshakunywa kahawa pamoja barazani. Msichana alilelewa Mombasa, lakini asili yake ni Chula, kisiwa cha Wabajuni upande wa Somalia, na hapa Kizingitini, kisiwani Pate, kila mtu aliona ni heri Wabajuni kurudiana. Shangazi yangu, ambaye hakuna aliyemwomba shauri, akauliza jina la mama wa huyo msichana. Alipoambiwa, akasema, "Hao ni ndugu. Wamenyonya ziwa moja."

Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka, Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake walishuka na kaskazi kwa majahazi na mashua, wamejazana na watoto wao. Waliofika kwetu hawakuja ugenini. Tangu zamani watu wa Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Kiunga, Chula na Koyama wameoana na kuvua pamoja, na mpaka wa nchi umewakuta tayari ni jamaa. Mmoja wa wanawake hao alishuka na homa kali na mtoto mchanga mkononi. Mke wa ami yangu alikuwa na mwanawe wa kunyonya, huyu huyu aliyeposa. Akamchukua yule mchanga, akawanyonyesha wote wawili mpaka mama mtu akapata nafuu, kisha wageni wakaendelea na safari ya Mombasa. Mke wa ami alifariki bila kulisimulia. Kwake halikuwa jambo la kusimulia: mtoto ana njaa, na maziwa yapo.

Sisi ni watu wenye shajara ya nasaba. Marehemu baba aliiandika katika daftari kwa herufi za Kiarabu, fulani bin fulani bin fulani, kupanda hadi babu aliyehamia kisiwani kutoka bara ya Rubu, na juu yake tena hadi majina ambayo hakuna ajuaye makaburi yake. Nimeisoma mara nyingi kwa mapenzi makubwa. Lakini siku ile ya posa shajara haikutufaa kitu. Hakuna hata jina moja la mwanamke ndani yake, wala hapana mahali pa kuandika ziwa.

Na ziwa katika dini yetu si jambo dogo. Mtoto akinyonya kwa mwanamke kabla ya kutimiza miaka miwili, mara tano za kushiba kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata, mwanamke huyo huwa mama yake, mumewe huwa baba yake, na watoto wao huwa ndugu zake. Ndoa kati yao ni haramu kama ilivyo haramu kwa ndugu wa damu. Hawarithiani, lakini hawaoani. Sasa nani anayeitunza habari hiyo? Hatuna cheti cha kunyonya, na wanaume walikuwa baharini wakivua kamba au msikitini. Sehemu hii nzima ya sheria ya Mwenyezi Mungu imewekwa mikononi mwa kumbukumbu za wanawake.

Wazee walisitasita. Wapo waliosema shangazi ni mtu mzima sana, huenda amechanganya mtoto na mtoto. Sheikh wetu akaeleza kwamba kwa Shafi mwanamke mmoja hatoshi kuwa shahidi wa kuivunja ndoa, wanatakiwa wanne. Kisha akasimulia habari ya Uqba bin al-Harith, iliyomo katika Bukhari. Uqba alimwoa binti wa Abu Ihab, watu wakubwa wa Makka, na akatokea kijakazi mweusi akasema amewanyonyesha wote wawili. Uqba hakuwa na habari hiyo, na wala hakumsadiki. Akapanda mnyama wake mpaka Madina kumuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie. Mtume akamuuliza atabakije na mke huyo na hali limeshasemwa, na Uqba akamwacha.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu chuoni, na sikuwahi kuitazama kwa makini. Ukoo wa Uqba ulijulikana, ukoo wa mkewe ulijulikana, na nasaba zote mbili zilisomwa na Waarabu kwa fahari. Aliyejua ukweli wa watu hao wawili alikuwa mtumwa, mwanamke, mtu ambaye hakuna shajara ingemtaja. Wanazuoni wanakhitalifu kama Mtume alihukumu au alimshauri Uqba ajiepushe na shaka. Kwangu mimi lililo zito ni kwamba neno la mwanamke yule lilisikilizwa.

Posa ikarudishwa kwa wema. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza mambo ya ukoo kwa njia nyingine: tunapowafuata wazee wetu vizazi kwa vizazi, tunamfuata nani?

Angalieni hata tarikh kubwa za kisiwa hiki. Habari za Pate tunazo kwa sababu Bwana Kitini, mzee wa Kinabahani, alizihifadhi na kuzisimulia mwanzoni mwa karne ya 20, naye alizipokea kwa wakubwa wake. Zinaanza na Sulaiman, Mnabahani kutoka Oman, anayesemekana kufika Pate mwaka 1203. Wataalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick mmojawapo, wameutilia shaka mwaka huo, na wana hoja. Lakini tazama ufalme uliingiaje mkononi mwa mgeni: alioa binti wa mfalme wa Pate. Kila Mnabahani aliyetawala baadaye alikalia kiti kilichotoka kwa mama, na tarikh ikahesabu wana wa kiume.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa waandishi wake ni Mkenya Chapurukha Kusimba, na miongoni mwa miji ni Faza, jirani yetu wa kwenda kwa miguu. Walikuta watu wengi wa miji hiyo wana asili mbili zilizoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000: upande wa Asia, ambao sehemu yake kubwa ni wanaume wa Kiajemi, na upande wa Afrika, ambao kwa wengi unazidi nusu na umetoka hasa kwa wanawake. Basi babu zetu waliosema wametoka Shirazi hawakuwa waongo kama walivyodhaniwa. Walisimulia nusu. Nusu ya pili, ya mama zao waliokuwa hapa hapa, haikusimuliwa.

Baadhi ya mama hao waliachwa kwa makusudi. Pwani hii ilikuwa na watumwa, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria hapa mpaka mwaka 1907. Masuria walizaa watoto, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru, anarithi sawa na nduguze. Dini haikumwonea haya; watoto na wajukuu ndio waliomwonea haya wakaacha jina lake lipotee. Nikiuliza habari hizi huambiwa niache, ni sitara. Sikubali. Sitara huwekwa juu ya dhambi, na kuzaliwa na mwanamke aliyetekwa si dhambi ya mtoto wala ya mama. Kumficha ni kumdhulumu mara ya pili.

Mtume alihimiza tujifunze nasaba zetu kadiri ya kutuwezesha kuunga udugu. Hicho ndicho kipimo ninachokishika. Jina la babu wa kumi linalonipa kiburi tu, na halinionyeshi nani wa kumjulia hali, halina kazi kubwa kwangu. Jina la mwanamke wa Chula aliyeshuka na homa linanipa dada Mombasa, na haki zake juu yangu. Ndiyo, kumbukumbu za wazee hukosea. Daftari nalo hukosea, ila lina wino, kwa hiyo hatulitilii shaka.

Nafundisha madrasa ya wasichana. Nimewaagiza wanafunzi wangu walete majina ya mama wa mama zao, mpaka pale bibi wa nyumba atakapokwama, na majina ya kila mtoto aliyenyonyeshwa nyumbani kwao ambaye si wa tumbo. Wengine wamerudi na majina ambayo baba zao hawakuyajua. Nawe msomaji, ikiwa mama yako au shangazi yako yu hai, kaa naye, muulize amemnyonyesha nani na yeye alinyonya kwa nani, kisha yaandike majina hayo katika ukurasa mmoja na ya wanaume, pamoja na majina ya wanawake waliokuwapo wakashuhudia.